Hiroshima Haiko Mbali na Mogogosiek

Mwezi wa Shaabani wa mwaka 1364 wa Hijra ulikuwa ukingoni. Waislamu wa pwani hii, kama wenzao kote duniani, walikuwa wakihesabu siku za kuutazamia mwezi wa Ramadhani. Huku kwetu ulikuwa usiku wa manane na watu wamelala. Huko Japani kulikuwa kumekwisha kucha, siku ya Jumatatu tarehe 6 Agosti 1945, saa mbili na robo za asubuhi, ndege moja ya Marekani ilipoangusha bomu moja juu ya mji wa Hiroshima. Siku tatu baadaye mji wa Nagasaki ukafanywa vivyo hivyo, na katika baadhi ya nchi za Kiislamu siku hiyo ilikuwa ndiyo mwezi mosi Ramadhani.

Tangu hapo umepita umri wa mtu mzee. Ukiwauliza vijana wetu habari ya siku zile, watakujibu kwamba hayo ni mambo ya Wajapani na Wamarekani, wenyewe walipigana na wenyewe wakapatana. Neno tunalotaka kulisema leo katika ukurasa huu ni kwamba habari hiyo ni yetu pia, kwa mlango zaidi ya mmoja. Na kwa kuwa ni yetu, kuitolea hukumu ni wajibu wetu.

Lililotusukuma kuandika ni mazungumzo yaliyotukia mahali ambapo msomaji wa Lamu au wa Mombasa hangepatarajia. Mogogosiek ni mji mdogo wa biashara katika Konoin, kaunti ya Bomet, nchi ya Wakipsigis, milimani palipotandikwa majani chai mpaka jicho likachoka. Baridi yake haimhurumii mtu wa pwani. Nilikuwa nimekaa hotelini na koti langu, chai mkononi, wazee wakizungumza habari za vita vya Hitla, na mimi nikatia neno langu kwamba katika vita vile hapakufanywa uovu uliopita ule wa Hiroshima. Mzee mmoja, ambaye kwa kumkisia alikuwa amekaribia miaka themanini, akanigeukia.

"Ustadhi," alinambia, "nyinyi mnalilaani bomu lile. Sisi nyumbani kwetu tulilishukuru. Baba yangu alikuwa askari wa Keya, alikuwa Bama. Bomu lisingeanguka angepelekwa mbele tena, na mimi nisingezaliwa."

Hilo si neno la kupuuzwa. Msemaji wake si mtu mkatili. Ni mtoto anayempenda babake. Basi na tumpe mzee haki yake kwanza, ndipo tumjibu.

HAKI YA MZEE

Vita vile havikuwa vya mbali. Mwezi wa Aprili 1942 ndege za Japani ziliishambulia Colombo, na manowari za Waingereza za Bahari ya Hindi zikahamia Kilindini. Skuli ya Allidina Visram, ambayo wengi wetu tumeipita kando ya bahari pale Mombasa, iligeuzwa kituo cha wataalamu wa kufumbua maandishi ya siri ya jeshi la wanamaji la Japani. Tarehe 12 Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail, iliyokuwa imeng'oa nanga Kilindini ikielekea Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldives, ikazama katika muda wa dakika chache. Walikufa zaidi ya watu 1,200, na mamia katika hao walikuwa askari wa mizinga kutoka Afrika Mashariki. Bahari ndiyo kaburi lao.

Waliofika salama walikwenda kupigana Burma, ambayo wao waliiita Bama. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, ilishuka bonde la Kabaw mwaka 1944 katika mvua zisizokatika, matope yakiwafika magotini na malaria ikiwaangusha pamoja na risasi, mpaka wakaufikia mto Chindwin. Mwaka 1945 walirudishwa India wapumzike na wajizoeze upya. Huko ndiko habari ya bomu ilikowakuta wengi wao. Hawakujua watapelekwa wapi tena, na aliyeambiwa kwamba vita vimekwisha hakuuliza vimekwishaje.

Wala hatusemi kwamba majeshi ya Japani yalikuwa ya malaika. Yaliyofanyika Nanjing huko China mwaka 1937, na waliyotendewa mateka wa vita vile, hayasahauliki. Mwenye kuilaumu Hiroshima asifiche hayo.

MIZANI YA MAJANI CHAI

Hayo yakiisha kusemwa, na tuuweke mzigo wa pili kwenye mizani.

Bomu lile lilikuwa na kiasi cha kilo 64 za madini ya urani. Kwa watu wa Mogogosiek kilo 64 ni hesabu ya kawaida: mume na mke wakiamkia shambani, waweza kuyafikisha majani mabichi ya uzito huo kwenye kituo cha kupimia kwa siku moja njema, karani akayapima na kuyaandika. Katika kilo hizo 64, zilizopasuka atomu zake hazikufika hata kilo moja. Na uzito hasa uliogeuka kuwa moto na mwanga na mionzi haukufika gramu moja, pungufu ya majani makavu unayotia katika kikombe kimoja cha chai ya rangi.

Bomu lilipasukia hewani, yapata mita 600 juu ya katikati ya mji. Katika umbali wa kilomita mbili kila upande karibu majengo yote yaliporomoka au yaliteketea. Mjini mlikuwa na watu wapatao 350,000 siku ile. Mwaka 1945 ulipokwisha, inakadiriwa kwamba watu 140,000 walikuwa wamekufa. Nagasaki walikufa kiasi cha 70,000 katika muda huo huo. Ili namba hizi zisibaki kuwa wino tu, tazama: hesabu ya watu ya mwaka 2019 iliwapata watu 163,507 katika Konoin yote, yaani Mogogosiek na masoko mengine na vijiji na mashamba yake ya chai. Katika kila watu saba wa Konoin waondoe sita, umbakishe mmoja. Hao ndio maiti wa Hiroshima.

Na maiti hao walikuwa akina nani? Askari walikuwamo, kwani Hiroshima ilikuwa na makao ya jeshi. Lakini wengi walikuwa raia. Asubuhi ile maelfu ya wanafunzi wa skuli, watoto wa miaka kumi na miwili na kumi na mitatu, walikuwa wametolewa nje kubomoa nyumba ili kufungua njia za kuzuia moto usienee iwapo mji utapigwa mabomu. Walikufa wapatao 6,000. Walikuwamo maelfu ya Wakorea, wengi wao waliopelekwa Japani kufanya kazi kwa kulazimishwa. Madaktari na wauguzi, tisa katika kila kumi walikufa au kujeruhiwa, hata majeruhi hawakuwa na wa kuwafunga kitambaa.

Hiroshima ni mji wa pwani kama yetu, umejengwa kwenye mdomo wa mto Ota, na maji ya bahari hujaa na kupwa ndani ya mikono ya mto huo. Watu walioungua walijitupa humo kutafuta ubaridi. Maji yalipojaa yaliwapandisha maiti, na yalipokupwa yakawashusha. Walikusanywa na kuchomwa kwa mafungu, bila kuoshwa, bila jina. Sisi ambao tunamhesabia maiti mmoja maji yake na sanda yake na safu za kumsalia, tunajua ni heshima gani iliyopotea hapo.

Kisha likaja jambo ambalo vita vya zamani havikulijua. Watu waliotoka bila mkwaruzo walianza kunyonyoka nywele, kutokwa na damu ufizini, na kufa baada ya wiki mbili au tatu. Hiyo ilikuwa mionzi. Miaka ikapita, saratani ya damu ikaongezeka, hasa kwa waliokuwa watoto siku ile. Sadako Sasaki alikuwa na miaka miwili bomu lilipoanguka. Akakua, akakimbia mbio skulini kwao, akafa kwa ugonjwa huo mwaka 1955, naye ana miaka kumi na miwili. Baadhi ya watoto waliokuwa matumboni walizaliwa na vichwa vidogo na akili pungufu. Na walionusurika wengi walificha kwamba walikuwako, kwa sababu mabinti hawakuposwa na vijana walikataliwa, watu wakiogopa damu yao.

WALIOKUWAMO WA KWETU

Tumesema habari hii ni yetu kwa mlango zaidi ya mmoja. Mlango wa kwanza ni askari wa Keya. Wa pili ni ndugu zetu wa dini.

Wakati wa vita Japani iliwachukua vijana wa Malaya, Indonesia, Brunei na nchi nyingine ilizozishika, ikawapeleka kusoma. Kikundi kimoja kilikuwa Hiroshima. Nik Yusof wa Malaya alikufa kwa bomu. Syed Omar wa Johor alitoka mjini akiwa hai, akaugua njiani, akafa Kyoto tarehe 3 Septemba 1945, ndani ya kumi la mwisho la Ramadhani. Kaburi lake liko Kyoto mpaka leo. Alikuwa kijana wa ukoo wa Alsagoff, wenye asili ya Hadhramaut, ukoo ambao huku Lamu na Mombasa tunautamka Saggaf, na ambao masharifu wake tunasali nao msikiti mmoja. Abdul Razak wa Penang alinusurika, akarudi kwao akawa mwalimu. Na Pengiran Yusuf wa Brunei alinusurika naye, akawa mshairi na baadaye waziri mkuu wa nchi yake, na maneno ya wimbo wa taifa la Brunei ni utungo wake.

Mlango wa tatu ni mzito zaidi. Sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Wamarekani katika kazi ile ilitoka Afrika, katika mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, ambao wakati huo ulikuwa wa kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière. Mwaka 1940 kiasi cha tani 1,200 za madini hayo, yenye utajiri usio na mfano, zilipelekwa New York na kuwekwa ghalani. Mwaka 1942 jeshi la Marekani likazinunua, na mgodi ukafunguliwa upya kwa siri. Waliochimba, waliochagua mawe kwa mikono na waliojaza magunia walikuwa Wakongo, na lugha iliyowaunganisha wafanya kazi wa migodi ya Katanga ilikuwa Kiswahili. Hawakuambiwa jiwe lile ni nini wala linakwenda wapi. Wenzao wa kampuni hiyo hiyo waliogoma mwezi wa Desemba 1941 kudai mshahara walipigwa risasi na askari huko Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, wakafa makumi. Hata baada ya mgodi kufungwa, watu wenye njaa waliendelea kuingia mashimoni kutafuta madini mengine, na mwaka 2004 baadhi yao walifukiwa humo wakafa.

Kwa hivyo Kiswahili kilikuwako mwanzo wa safari ya bomu lile, na kilikuwako pia katika kambi za India walikongojea askari waliofaidika nalo. Ni vipi tuseme kwamba hayatuhusu?

JAWABU

Turudi kwa hoja ya mzee. Wanahistoria wanashindana mpaka leo kama ni bomu lililoifanya Japani isalimu amri, au ni Urusi iliyojitosa vitani tarehe 8 Agosti, au ni yote mawili. Hayo tuwaachie. Hata tukikubali kwamba ni bomu peke yake, bado mtu kushukuru kwa kunusurika ni jambo moja, na kuihalalisha njia iliyomnusuru ni jambo jengine. Aliyeokoka njaa kwa chakula cha wizi humshukuru Mola wake kwa uhai, lakini hausifu wizi.

Wala sharia ya vita si jambo geni kwetu. Sayyidna Abubakar alipolituma jeshi Sham aliliusia lisiue mwanamke, wala mtoto, wala mzee mkongwe, lisikate mti wenye matunda, lisiwaguse watawa waliojitenga kwa ibada. Usia huo alipewa amiri mwenye adui wa kweli mbele yake, si katika siku za amani. Ulitolewa hasa kwa ajili ya siku ile ambapo kuuvunja kungeonekana kuna faida.

Na hoja ya faida ukiikubali, huna pa kuizuia. Mama wa Hiroshima naye alikuwa na mwana Burma, akimwombea arudi. Mwaka 1942 Kilindini ilikuwa imejaa manowari, na pale Allidina Visram siri za Wajapani zilikuwa zikifumbuliwa. Lau Japani wakati huo ingekuwa na bomu lile, ikaiteketeza Mombasa yote, Mji wa Kale na Majengo na Likoni, pamoja na misikiti na vyuo na watoto ndani yake, ili mwana wa yule mama arudi kwao mapema, sisi tungesema nini?

Hilo ndilo nililomwuliza mzee wa Mogogosiek. Alinyamaza kitambo, akazungusha kikombe chake. "Hapo sina jawabu, Ustadhi," alisema. "Lakini baba alirudi." Na kweli alirudi. Sikuwa na haki ya kumpokonya shukurani yake, wala sikutaka.

Kuna na hoja nyingine, ambayo ilitoka kwetu wenyewe. Marehemu Profesa Ali Mazrui, mwana wa Mombasa, katika mihadhara yake ya Reith iliyotangazwa na BBC mwaka 1979, alishauri kwamba Afrika nayo ijipatie silaha za nyuklia, si ili izitumie, bali ili wakubwa waingiwe na khofu na wakubali kuziacha zote. Alikuwa mtu mwenye akili pevu, na aliona sawasawa kwamba haiwezekani wachache wawe na ruhusa na wengine wawe na marufuku. Lakini twathubutu kutokubaliana na dawa yake. Afrika Kusini ya makaburu ilitengeneza mabomu sita ya aina hiyo, na siku iliyoyavunja, kama ilivyotangazwa mwaka 1993, haikupungukiwa na kitu. Mwaka 1996 nchi za Afrika zilitia saini mkataba wa Pelindaba wa kulifanya bara hili lisiwe na silaha hizo, na mkataba ukaanza kazi mwaka 2009. Heshima ya Afrika imo katika kukataa kwake.

Hatari yenyewe haijaondoka. Mwanzoni mwa mwaka 2025 dunia ilihesabiwa kuwa na vichwa vya silaha za nyuklia zaidi ya 12,000, mikononi mwa nchi tisa, na vingi katika hivyo vina nguvu kupita kile cha Hiroshima. Mwaka 2017 ulipitishwa katika Umoja wa Mataifa mkataba wa kuziharimisha kabisa, ukaanza kutumika Januari 2021. Congo, ambayo udongo wake ulitumika bila ridhaa yake, iliuridhia mwaka 2022. Mwaka 2024 chama cha walionusurika, Nihon Hidankyo, kilipewa tuzo ya Nobel ya amani. Wanachama wake ni wazee. Wastani wa umri wa walionusurika umepita miaka 85. Karibu hatabaki wa kusema, "Mimi nilikuwako."

Basi tunashauri mambo matatu, yote yamo uwezoni mwetu. La kwanza, walimu wa skuli na wa madrasa waifundishe habari hii na Shinkolobwe ikiwamo, na Syed Omar akiwamo, ili mtoto ajue kwamba si habari ya wageni. La pili, wana na wajukuu wa askari wa Keya, wa pwani na wa bara, waandike walichosimuliwa. Barua, medali na picha zilizomo masandukuni zisiachwe zikaliwa na mchwa. Na hadithi ya mzee wa Mogogosiek iandikwe kama alivyoisema yeye, si kama sisi tungependa aiseme. La tatu ni la washairi. Shaaban Robert wa Tanga aliitungia vita ile utenzi mrefu, Utenzi wa Vita vya Uhuru. Jadi ya kutunga tenzi za vita haijafa pwani hii, lakini imezoea kuwataja majemadari. Tunawaomba watunzi wetu wamtaje pia mchimbaji wa Katanga asiyejua anachimba nini, na mtoto wa skuli aliyetumwa kubomoa nyumba asubuhi ya Jumatatu.

Kila mwaka tarehe 6 Agosti, saa mbili na robo asubuhi, watu wa Hiroshima husimama kimya dakika moja. Kwa saa zetu ni saa nane na robo za usiku, karibu na wakati wa tahajudi. Atakayekuwa macho, na awakumbuke katika dua yake.